Afisa wa Leseni Yuko Sebuleni

...na maziwa nayo hayajaanza hata kutetemeka, jiko hili likitaka kukuaibisha linajua siku ya kuchagua, Harbhajan Singh akainama akautazama moto wa buluu chini ya sufuria, akainuka, akategea sikio ukuta wa sebuleni, maana huko ndani mkewe Gertrude alikuwa ameketi peke yake na afisa wa leseni za bunduki, afisa mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, kwa upole, "ningependa kuongea na Auntie kidogo, sisi wawili," naye Gertrude bila kupepesa jicho akasema, "Baba Seema, nenda katutengenezee chai," na Baba Seema akaenda, kwa miaka arobaini na moja ya ndoa hii ndiyo mara ya kwanza ametumwa chai akaenda bila kuuliza kwani majani yanakaa wapi, hata sasa hajayaona, ameona tangawizi, ameona iliki, ameona betri nne za rimoti ndani ya kopo la sukari... afisa gani huyu, anaitwa Rikesh, kijana wa miaka ishirini na nane hivi, ndevu zimenyolewa kama zimepigiwa rula, amekuja hapa Northfield, Birmingham, asubuhi yote hii na karatasi zake, amelikagua kabati la chuma la kufungia bunduki chini ya ngazi, amelitikisa, halikutikisika, na lingetikisika vipi wakati Harbhajan, fundi mbao mtoto wa fundi mbao, Kalasinga wa Nakuru asiyejua kufunga kitu nusu nusu, amelikaza ukutani kwa bolti nane, ukitaka kuliiba hilo kabati itabidi uondoke na nyumba, "Solid, Uncle," kijana alisema, na Harbhajan akavimba kifua, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, vizuri kabisa, mpaka alipofungua mdomo.

Kwa nini alifungua mdomo? Alimgeukia Gertrude pale koridoni akamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka, meno yamebana kama ameng'ata misumari, "Usimwambie habari ya ile miaka miwili ya gereji," naye Gertrude, ambaye hajui kunong'ona, muuguzi mstaafu, miaka thelathini na mitatu akiongea na wazee viziwi, akajibu kwa sauti ya kufika Selly Oak, "Nimwambie nani, huyu mtoto mwenye soksi mbili tofauti?" na kijana akatazama soksi zake. Akazitazama! Harbhajan alimwona kwa macho yake mawili, aliinua suruali kidogo, moja ya kijivu, moja nyeusi, akaishusha, akageuza ukurasa, sasa mtu hatazami soksi zake hivi hivi katikati ya kazi ya serikali, au anatazama, labda zilimwasha, lakini katika mji huu kila Mhindi wa pili bibi yake alikuwa na duka Kisumu, wajukuu wamezaliwa hapa hapa, ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza kitupu ukadhani hawajaelewa, kumbe wameelewa tangu wakiwa tumboni, ee Mungu, zilimwasha, sema zilimwasha...

"...hasira?" sauti ya kijana ilipenya ukutani. "Hasira? Huyu?" Gertrude akacheka, na Harbhajan akashukuru, cheko zuri, la kuaminika, liandikwe hilo, "Hana hasira kabisa, isipokuwa kindi," akasema Gertrude, na Harbhajan akashika ukingo wa sinki, usiseme ya kindi, mama, usiseme, "kindi mmoja wa bustanini anakula mbegu za ndege, siku moja Baba Seema akamrushia ndala," na kalamu ikasikika ikiandika, inaandika nini, inaandika ndala? "Na alimpata?" "Wapi! Hatua tatu, mchana kweupe, akamkosa," wakacheka wote wawili, na hapo ndipo Harbhajan alipotaka kuingia sebuleni, leseni au bila leseni, aeleze kwamba ndala haina mizani, ndala haina pa kulenga, ndala ni kitu cha kuvaa, lakini mpe mtu huyu huyu bunduki ya klabu ya kulenga shabaha kule Great Barr, mlaze kifudifudi kwenye mkeka, yadi ishirini na tano, karatasi ya shabaha yenye duara la katikati dogo kuliko kishikizo cha shati, halafu njoo uhesabu matundu... pumua, anasema Bhanumati, mwalimu wa klabu, bibi wa miaka sabini na tatu asiyekula hata yai, asiyeua hata mbu, pumua ndani, toa nusu, ngoja, usivute kidole, kisahau kidole, na ukimya unashuka, ukimya mtamu ajabu, hakuna goti linalouma, hakuna barua za hospitali, kuna duara jeusi tu na wewe, kisha pa! kidogo hivi, kama mtu amevunja kijiti, na kule mwisho wa ukumbi kitundu kipya, safi, umekitoboa wewe... Na bunduki ya klabu si yako, iliundiwa bega la mtu mwingine, ndiyo maana Harbhajan akaanza kuunda yake, mtutu na mtambo wake wa kufyatulia viko dukani kwa muuzaji vinasubiri karatasi ya huyu mwenye soksi, lakini kitako, kile cha kuegemeza begani, ni mbao tu, mbao haiombi leseni, akanunua gogo la mti wa jozi lenye mishipa kama ramani ya mito, akatoa patasi za marehemu baba yake, akapima mkono wake, shingo yake, mahali shavu linapolalia, akachonga kwenye meza ya chakula mpaka Gertrude akakiita mke mwenza, "mke mwenzangu amelala wapi leo, nipange sahani?"

"Auntie," alisema kijana kule ndani, na sauti ilibadilika, ikawa ya chini, halafu kwa Kiswahili, Kiswahili kilichopinda kwa lafudhi ya Birmingham lakini Kiswahili kabisa, hakuna mahali pa kujificha, "ile miaka miwili ya gereji... ni nini?"

Basi. Zilikuwa hazimwashi. Harbhajan alisimama na mwiko mkononi kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani, "Bibi yangu ni wa Kisumu," kijana anaeleza, "I understand everything, I just can't say it back nicely, sorry about the socks," na Gertrude, mwanamke aliyebishana na wazee wa Kericho na wazee wa Nakuru kwa pamoja ili aolewe na mtu wa kilemba, safari hii hakubishana, akasema, "Kaka yake alifariki. Mwezi uleule kiwanda cha magari alikofanya kazi kikamstaafisha, kadi na keki, kwaheri. Akaenda kukaa gereji." Ndiyo, alikaa, kwenye kigoda, redio imezimwa, alikuwa hafikirii kitu, hilo ndilo lililomtisha baadaye, hakuwa na huzuni hata, alikuwa kama gari lililoegeshwa, sahani inakuja, sahani inaondoka, hakwenda kwa daktari, kwa hiyo kwenye fomu ya leseni alipoulizwa kama amewahi kumwona daktari kwa mambo ya akili aliandika hapana, na hapana ile ilikuwa kweli, kweli ya kimahakama, kweli yenye soksi moja.

"Mimi ni muuguzi," sauti ya Gertrude, "namjua mgonjwa na namjua mtu aliyechoka. Nikampigia simu Bhanumati, nikamwambia mchukue huyu, mlaze mahali, mfundishe chochote." Nini? Bhanumati alisema wamekutana kwa bahati, dukani, kwenye bamia! "Halafu akaleta ule ubao wa bunduki ndani. Jioni moja akaniita, Mama Seema, hebu gusa hapa, ni laini? Ulikuwa unakwenda mwezi wa nne bila kuniuliza swali lolote. Nikagusa. Nikamwambia bado." Na Harbhajan akaikumbuka ile jioni, kidole cha Gertrude kikipita juu ya mbao polepole kama anapima homa, bado, akarudi na msasa, kesho yake akamwita tena, bado, na keshokutwa, wiki kumi na moja alipiga msasa akajisemea mwanamke huyu ana kidole cha fundi, hata baba hakuwa mkali hivi, "na ulikuwa laini, mwanangu," Gertrude anasema, "ulikuwa laini kama shavu la mtoto tangu siku ya kwanza. Nilisema bado ili kesho aniulize tena."

Kalamu haikusikika. "Lazima niandike hii, Auntie, ya gereji. Na nitamuuliza mwenyewe." "Andika," akasema Gertrude, "na muulize, atakwambia," na Harbhajan, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiomba asiulizwe, akajikuta anayapanga maneno, kaka, keki, kigoda, aseme yote, wakimnyima leseni wamnyime, ya klabu ipo, bega litazoea, lakini ile fomu irekebishwe, na iandikwe pia kwamba aliulizwa kila jioni wiki kumi na moja, hapana, kwamba aliuliza yeye, wiki kumi na moja, kila jioni, na akajibiwa... maziwa yalianza kutetemeka pembeni mwa sufuria, na kule ndani Gertrude alikuwa bado anaongea, sasa kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kumsikia nayo, Harbhajan akanyoosha mkono akapunguza moto, wamalize kwanza.