Nyumba Yenye Wenyewe

Mwahija alikuwa mwanamke wa kusema mambo wazi, ila moja alilimeza. Nyumba ya Kivinje waliyoachiwa na baba yao, anamokaa mama yake Bi Esha, yeye na kaka yake Yahya waliiweka rehani benki ili wajenge vyumba vinne vya kupangisha pale Kilwa Masoko. Watu wa benki walipokwenda kupima na kupiga picha, Mwahija alimwambia mama yake ni watu wa sensa.

Vyumba vikaisha, kila kimoja na mita yake ya umeme wa luku. Mji ulijaa walimu na manesi wageni wanaotafuta pa kukaa. Walifika getini, wakatazama ukuta, wakasema, "Tutarudi, mama," wakapotea moja kwa moja. Marejesho ya benki aliyatoa kwa kuuza cherehani, halafu bangili zake. Mwezi wa tano hakuwa na cha kuuza, na barua ikaja: siku sitini, la sivyo nyumba ya Kivinje inapigwa mnada. Tangu hapo chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Atamweka wapi mama yake?

Ukutani kulikuwa na maandishi aliyoyaagiza mwenyewe, kwa kuogopa matapeli wanaouza nyumba za watu: NYUMBA HII HAIUZWI. INA WENYEWE. Fakihi, mchora mabango, alimuuliza mara mbili kama ana hakika. "Andika nilivyokwambia, tena kwa rangi nyekundu," Mwahija akasema. Fakihi hulipwa kwa herufi, basi akachovya brashi.

Asubuhi moja akaja Jenipher, nesi aliyehamishwa kutoka Njombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Jenipher alikagua chumba, akafungua bomba, akalifunga. "Kazini wamenikataza hata kupita hapa, lakini kwingine kote kumejaa. Niambie ukweli, mama. Hao wenyewe wako wangapi?"

"Wawili. Mimi na kaka yangu Yahya."

Jenipher akamtazama miguuni. Aliona ndala tu, si kwato.

"Na huyo Yahya huwa anatokea?"

"Ijumaa mojamoja. Hana neno na mtu. Akishapata kuku wake anaondoka."

"Kuku mweusi?"

"Yeyote," Mwahija akajibu. Aligeuka akausoma ukuta wake upya, herufi kwa herufi. Mzaliwa wa Kilwa, miaka hamsini na mbili anasikia nyumba fulani ina wenyewe na watu wanaihama usiku usiku kukimbia majini, na yeye kalipa hela yake kujitangazia. Alikaa kizingitini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Yahya analima korosho Kiranjeranje, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Ni mtu."

Jenipher alilipa kodi ya miezi sita. Ukuta ulipakwa chokaa siku hiyohiyo, na kabla ya mwezi kwisha wenzake wa hospitali wakachukua vyumba vitatu vilivyobaki. Mwahija alilipa malimbikizo yote, na alipotoka benki alinunua chapati mbili akazila amesimama njiani. Hakukumbuka lini chakula kilikuwa na ladha hiyo.

Jumapili alikwenda Kivinje. Bi Esha alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nasikia nyumba yako ya Masoko ilikuwa na wenyewe," akasema, macho kwenye ungo.

"Ilikuwa maneno tu, mama."

"Na hii yangu je? Maana sensa gani inapima kuta na haiulizi mna watu wangapi?"

Kumbe mama yake alijua siku zote hizo, na kila asubuhi alifagia ua uleule.

"Ilipata mwenyewe mwingine, mama," Mwahija alisema. "Hajaondoka, ila sasa ametulia."

Bi Esha akamsogezea ungo. "Basi chambua huo upande wako. Leo utakula hapa."