Mstari wa Tathmini

Mwalimu mgeni alipopewa darasa la nne, mwalimu mkuu alinikabidhi nimlee kwa miezi sita. Mkaguzi akiridhika, binti angethibitishwa kazini. Asiporidhika, unga umemwagika. Mimi nina miaka ishirini na miwili chaki mkononi. Watoto wananiita Rula, na jina hilo nimelifanyia kazi.

Nilimfunza vizuri, asije mtu akasema nilimnyima. Ingia darasani kabla ya kengele. Usiseme huku umeugeukia ubao. Mkorofi mwite pembeni, usimwaibishe mbele ya wenzake. Madaftari ukiyakusanya asubuhi, yarudi jioni yamesahihishwa. Yote aliyafanya, tena kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonikera. Kufika mwezi wa pili, watoto wangu wa darasa la tano wakawa wanachungulia dirishani kwake. Nilimwonea wivu, sifichi.

Basi nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila andalio la somo lina nafasi ya tathmini pale chini, na sisi walimu wote tunaandika hapo kwamba wanafunzi wameelewa. Wawe wameelewa, wawe wamesinzia. Nilimwambia wakaguzi wamechoshwa na hayo.

"Andika ukweli, mdogo wangu. Wanapenda mwalimu anayejikosoa."

Akaandika. Kwamba hesabu za sehemu zimewashinda nusu ya darasa kwa sababu yeye alieleza haraka mno. Kwamba kesho atarudia kwa vipande vya karatasi. Kwamba wamebaki tisa wasioelewa, halafu wanne, halafu hakuna aliyebaki.

Mkaguzi alikuwa na shule tatu siku ile. Alisoma kurasa za mwanzo tu, akakunja uso, akaniuliza mimi mlezi wake kama huyu binti anaweza kufundisha kweli. Kumfunulia kurasa tano zinazofuata kungetosha.

"Ameandika mwenyewe, mzee," nikasema. "Mimi niongeze nini?"

Barua ya kumwachisha kazi ikaja Ijumaa. Binti alinifuata ofisini kwa walimu macho mekundu, akataka kujua kama nilimtetea. Nikamwambia nimemtetea mpaka koo limekauka. Akanikumbatia, mtoto wa watu, akanishukuru kwa malezi. Kisha, kwa kuwa darasa lake nalipewa mimi, akanipa karatasi aliyoiandika pande zote mbili: nani haoni ubaoni, akae mbele, nani anasikia kwa sikio la kulia tu, na yule wa dawati la nyuma, anayejua kila kitu akiulizwa kwa kunong'ona, lakini akisimamishwa mbele za watu hutetemeka mpaka akajikojolea.

Niliisoma yote. Sijawahi kuandika kazi safi kama ile. Nikaichana, nikaenda darasa la nne, nikatembea moja kwa moja hadi dawati la nyuma, nikamwambia asimame ajibu kwa sauti, wenzake wote wasikie.