Bega la Hilaria

Akina mama mnaosoma haya, mwalimu akikwambia bega la mtoto wako haliko sawa, msikilize. Mimi sikumsikiliza.

Ilikuwa mwaka 1976, kijiji chetu cha ujamaa hakijatimiza hata miaka miwili. Darasa la sita walikuwa wakifundishwa halaiki ya Saba Saba, waende kuionyesha uwanjani Sumbawanga mjini mbele ya wageni. Binti yangu Hilaria aliwekwa chini ya mnara wa watoto waliopandana, katikati, kwa kuwa alikuwa na nguvu. Kwenye mabega yake wasichana wawili walikanyaga, kila mmoja kwa mguu mmoja, wa pili ukiwa kwenye bega la mwenzake wa pembeni, na juu yao kabisa alisimama Fransiska, mdogo kuliko wote.

Mwalimu wao, Andwele, kijana aliyetoka Mbeya, hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa na macho. Siku ya kwanza tu aliwaambia wanyanyue mikono, akamwona.

"Hilaria! Hilo bega la kulia linalinong'oneza nini sikio?"

Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakamwita Bega Umbea.

"Msicheke, nyie nanyi mmejikunyata. Mkono ndio unaopanda, bega linabaki chini, limelala mgongoni. Shingo ndefu. Pumueni!"

"Baridi, mwalimu!"

"Baridi haibebi mnara."

Jioni moja alikuja nyumbani. Alisema shikamoo, nikampa kiti, akamwita Hilaria na kumbonyeza nyuma ya bega. Mtoto akauma mdomo.

"Mama, huyu anapura ulezi?"

"Tunapura wote, mwalimu. Ni shamba la kijiji."

"Gongo la kupuria limemchosha bega. Apumzike kupura wiki tatu, na mnarani nitamtoa. Akilazimisha, litachomoka."

Nikaitikia. Lakini kesho yake mwenyekiti Eustaki alinikuta kisimani. Mjue kwamba mume wangu, Wilibrodi, alikuwa wa mwisho kuhama kutoka kwenye makazi ya zamani, na kila mkutano jina lake lilikuwa bado linatajwa kwa ukaidi.

"Mama Hilaria," akasema Eustaki, "safari hii nyumba yenu imetoa nguzo ya mnara! Sasa huyo mzee wako tutamwona ni mwenzetu."

Ile ndoo niliifikisha nyumbani bila kusikia uzito wake. Nilichana kanga kuukuu nikapata utepe mrefu. Nikaupitisha kwapani, nikauzungusha juu ya bega la Hilaria, nikavuta mpaka likashuka, likalingana na la kushoto. Fundo nikalikaza mgongoni, shati likafunika.

"Mama, mkono unakufa ganzi."

"Utazoea."

Nikamwambia mwalimu mtoto amepona. Alimtazama, akamwambia anyanyue mikono usawa wa kifua. Bega halikupanda. "Umeona sasa? Hivyo hivyo!" akasema, akafurahi kweli, akamrudisha mnarani. Wenzake wakaacha kumwita lile jina. Mimi nilisimama pembeni ya uwanja wa shule nikajiona nimefanya kazi ya mama.

Kila jioni nikifungua utepe nilikuta alama nyekundu, na vidole vyake vya baridi. Siku mbili kabla ya Saba Saba kikombe cha uji kilimponyoka mkononi. Nilifuta uji. Asubuhi nikamfunga tena.

Siku yenyewe upepo ulikuwa unapiga vumbi uwanja mzima. Nilimfunga nyuma ya lori lililotuleta, nikavuta kuliko siku zote, kwa sababu ya wageni.

"Mama, leo usikaze sana."

"Nyamaza, wanatuita."

Mnara ukapanda. Wa chini walitakiwa kunyanyua mikono na kushika vifundo vya miguu vya wenzao. Mkono wa kushoto wa Hilaria ulishika. Wa kulia ulifika kifuani ukakwama. Akajaribu tena. Mwalimu Andwele akaona, akakimbia akipiga kelele, "Shukeni! Shukeni!" Ngoma na makofi vilimmeza. Huko juu Fransiska alikuwa anakunjua bendera.

Mguu wa aliyekanyaga bega la kulia ukateleza. Hilaria akaurusha mkono kwa nguvu zote kuudaka.

Nilikuwa safu ya tatu, na mlio wa lile bega niliusikia.

Mnara ulianguka. Fransiska na wenzake waliinuka wakijikung'uta vumbi, wengine wakichechemea. Hilaria hakuinuka. Mwalimu alipiga magoti, akachana shati, akaukuta utepe. Fundo likamshinda kwa vidole, akalikata kwa meno.

"Nani kakufunga hivi?"

"Nimejifunga mwenyewe, mwalimu."

"Fundo liko mgongoni, Hilaria."

Mwalimu aliinua uso akatafuta kwenye umati, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kandambili.

Hospitali walilirudisha. Tangu hapo limeshachomoka mara nne, mara ya mwisho akiwa amelala tu, amejigeuza. Mkono haupiti usawa wa sikio. Hawezi kujisuka nywele zake za nyuma, na sasa ni msichana mkubwa. Jumamosi mchana huchukua kitana akaenda kwa mama yake Fransiska, nyumba tatu kutoka kwetu, akaketi chini na kumpa mgongo yule mama amsuke. Mimi niko hapa mlangoni, mikono yangu yote miwili ni mizima.