Mume Ambaye Hajazaliwa

Pikipiki ilikuwa imeshaanza kupanda kilima cha Nyamwaga, mama Mokami alipokumbuka kwamba hakufunga zizi la ndama.

"Waitara, geuza," alimwambia dereva.

"Nigeuze kwa ajili ya ndama? Tumetoka Nyanungu na giza, mama, na watu wa ofisi za Tarime hawangoji mtu."

"Watamaliza maziwa."

"Basi leo tutakunywa chai ya rangi," alisema Gati, aliyebanwa katikati yao, mkoba wa karatasi kifuani. "Songa, Waitara."

Wanawake hao wawili walikuwa mtu na mkamwana wake. Mokami alikuwa amepita sabini, Gati hajafika arobaini. Gati kwao ni Kehancha, ng'ambo, upande wa Kenya, ambako watu wanasema Kikurya kilekile na wanaitana ndugu, ila serikali ni nyingine. Miaka kumi na tisa nyuma Mokami alivusha ng'ombe kumi na wanne, akamwoa.

Ndiyo, Mokami mwenyewe. Alizaa mabinti watano, wote wakaolewa, na mume wake akafa bila kumwachia mtoto wa kiume. Nyumba ya namna hiyo Wakurya wanaiita nyumba ntobhu, na dawa yake inajulikana. Mwenye nyumba anatoa ng'ombe, anamwoa msichana kwa ajili ya mwana ambaye angemzaa lakini hakumzaa. Mwana huyo anapewa jina na anahesabiwa yupo. Msichana anatafutiwa mwanamume wa kuja na kuondoka, na watoto wanaopatikana ni wa nyumba. Yule mwanamume hana haki hata ya kuuliza kama wamekula.

Mwana wa Mokami ambaye hakuzaliwa aliitwa Nchagwa. Gati alimzalia watoto wawili: Mseti, aliyekuwa kidato cha tatu akilala bweni huko Musoma, na Agustina, darasa la sita.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gati alipewa jembe siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kumpa karatasi. Halafu msako ukapita vijijini, kila mtu akaulizwa alikozaliwa. Tangu hapo akawa anavuka mpaka wa Sirari kila baada ya miezi mitatu, anagongewa mhuri wa mtembezi, anarudi shambani kupalilia. Mwezi uliopita ofisa wa dirishani alifunua pasipoti yake ukurasa kwa ukurasa.

"Dada, mtembezi gani huyu anatembelea mahali pamoja miaka saba?"

Akamwandikia siku sitini, za mwisho. Ama apeleke maombi ya uraia kama mke wa Mtanzania, ama arudi kwao abaki huko. Siku kumi na mbili zilikuwa zimeshaliwa.

Katika ofisi ya uhamiaji, Tarime, walipokewa na ofisa kijana, mtu wa Natta kule Serengeti, jina lake Thadeo. Alimwamkia Mokami shikamoo, akavuta fomu.

"Jina kamili la mume?"

"Nchagwa," alisema Mokami kabla Gati hajafungua mdomo.

"Nchagwa nani?"

"Nchagwa wangu."

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Hajazaliwa."

Kalamu ikasimama. Kwenye benchi la nyuma mtu akakohoa, kikohozi kile cha kuficha kicheko.

"Mama, nimeuliza mume."

"Na mimi nakujibu mume. Ng'ombe wake walitolewa, mke wake huyu hapa, watoto wake wawili wako shuleni. Kasoro yeye tu."

Thadeo hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mambo haya nayajua, mama. Nikiwa nyumbani nakuelewa vizuri. Lakini hapa nimekalia kiti cha sheria, na sheria inasema mwanamke aliyeolewa na raia anaomba mumewe akiwa hai. Mume akifa, mlango huo umefungwa."

"Huyu hajafa."

"Lakini hayuko hai."

Mokami aliegemea fimbo yake. "Kufa hawezi," alisema. "Hiyo ndiyo nafuu yake."

Gati alisogeza kiti. "Hakuna mlango mwingine, mkubwa?"

"Upo, wa mgeni yeyote. Huo unataka miaka uliyokaa kwa kibali. Wewe umekaa kumi na tisa, dada, na karatasi zako zote zinasema ulikuja kutembea. Siku za kutembea hazihesabiki, na za kibali huna hata mwaka mmoja."

"Nikija na mwanamume, yu hai, raia, na cheti cha ndoa?"

Thadeo alimtazama, akamtazama na Mokami.

"Akiwa mume wa kweli, nitaandika. Mume wa kukodi ni kosa, na majina yenu ya kwenda jela nitayaandika mimi mwenyewe. Sijawaambia mtafute mtu. Nimewaambia fomu inataka nini."

Walirudi Nyanungu. Nyumbani ndama walikuwa wameshanyonya kila kitu. Walikunywa chai ya rangi, na kikombe kilipofika katikati Mokami akalitaja jina ambalo kwa miaka kumi na tisa halikutajwa mchana ndani ya nyumba ile.

"Ryoba," alisema. "Yule walau si wa kukodi."

Ryoba ndiye aliyekuwa akija na kuondoka. Mokami alimchagua mwenyewe enzi hizo, kwa urefu wake na kwa sababu hakuwa mlevi. Kwake ni Gorong'a, ana mke, Judith. Kesho yake walimkuta anaogesha ng'ombe dawa ya kupe, bomba mgongoni. Aliwasikiliza huku ananyunyiza, tumbo la ng'ombe mmoja baada ya mwingine.

"Kusaini nitasaini," alisema. "Judith hatakataa, sheria inaruhusu mke wa pili. Na ng'ombe sitaki."

"Unataka nini?" aliuliza Mokami.

"Mtoto aandikwe jina langu."

"Mtoto yupi?"

"Mama, mimi nina mabinti sita. Unaniuliza yupi?"

Dawa iliendelea kuchuruzika kwenye majani. Hapo wote watatu walijua kinachoombwa. Mseti akiitwa Mseti Ryoba, basi Nchagwa hayupo tena, na mama yake Nchagwa ni ajuza asiye na mtoto wa kiume, amekalia shamba ambalo ndugu wa marehemu mume wake wamelikodolea macho tangu siku ya matanga.

Mokami alichukua fimbo yake, akageuka kuondoka. Nyuma yake alimsikia Gati anasema, "Nimekubali."

Njiani walitembea mpaka wakavuka mashamba ya migomba.

"Umetoa kisicho chako," alisema Mokami.

"Nimemzaa mimi, mama."

"Umemzaa kwa ng'ombe wangu."

"Na nikifukuzwa? Mseti yuko Musoma, Agustina bado mdogo, wewe magoti hayakubebi mpaka kisimani. Wacha achukue jina. Jina halilimi. Mseti atakuzika vilevile."

"Atanizika kama jirani," alisema Mokami, akatangulia na fimbo yake.

Karatasi za Gati kutoka Kehancha zilichukua wiki tatu, ndipo tangazo la ndoa likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, Nyanungu, likae siku ishirini na moja. Gati alihesabu mara tatu kwa vidole. Siku hizo zikiisha, wafunge ndoa, apeleke fomu, na zitabaki siku tano juu. Mokami hakujua kusoma. Kila wakipita kwenda mashineni kusaga, anasimama mbele ya ubao.

"Nisomee."

"Ryoba wa Gorong'a na Gati wa Nyanungu wanakusudia kufunga ndoa. Mwenye pingamizi afike ofisini."

"Wamekuandika wa Nyanungu?"

"Ndiyo, mama."

"Hao wana akili kuliko wale wa Tarime. Pingamizi ndiyo nini?"

"Ni mtu kusema hapana, na kutoa sababu."

"Na asiyejua kuandika?"

"Anaandikiwa. Anaweka dole gumba."

Gati alijibu hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtu mzima akiuliza, unamjibu. Kama alihisi kitu, alikikanyaga.

Siku ya kumi na nane walipita na debe la mahindi, na Mokami hakusimama. Siku ya kumi na tisa alioga asubuhi, akavaa kitenge chake cha kanisani, akasema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Alirudi mchana, akamsifu mgonjwa kwamba anaendelea vizuri.

Kesho yake mtendaji wa kata alimwita Gati. Mtendaji huyo ni mama mmoja anaitwa Kezia, mzaliwa wa palepale, mzito wa mwili, mpole wa maneno. Alimpa kiti kwanza.

"Limekuja pingamizi, mama Mseti. Nikusomee au utasoma?"

Gati alisoma mwenyewe. Aliyeweka: Mokami. Sababu: bi harusi tayari ni mke wa mtu. Nilimwoa mimi kwa ng'ombe kumi na wanne, kwa ajili ya mwanangu, na sijarudishiwa hata mmoja. Chini yake dole gumba, wino umetapakaa kama mtu aliyekandamiza mara mbili.

"Nimeandika alivyosema," alisema Kezia. "Ningemkataliaje? Harusi yako nilicheza mimi, nikiwa msichana. Kijiji kizima kilikula."

"Tarime wameniambia sikuolewa."

"Hapa uliolewa."

"Basi hilo neno nipe kwa maandishi, niwapelekee Tarime."

"Nitakupa. Lakini watakuuliza mume yuko wapi, tutarudi palepale." Kezia alifunga faili. "Baraza litalisikiliza tarehe nne mwezi ujao. Mpaka hapo ndoa haifungwi."

"Siku zangu zinaisha tarehe ishirini na nane."

"Najua," alisema Kezia. "Nimelala na hiyo hesabu usiku kucha."

Gati alifika nyumbani, akamkuta Mokami amekaa kwenye ngozi anapukuchua mahindi. Alivuta kigoda, akachukua hindi, akaanza kupukuchua na yeye. Punje zilikuwa kavu, zinaruka.

"Mama, umenifungia mlango."

"Nimefunga."

"Ungeniambia."

"Ungenizuia. Na mimi nilitaka kuzuiwa, ndiyo maana sikukwambia." Mokami alipuliza makapi. "Ukiolewa na yule, utalala humu humu, utanipikia, na hunihusu. Mseti atakuja likizo, atanisalimu shikamoo bibi kama anavyomsalimu kila bibi. Ukienda kwenu, bado ni mke wa nyumba hii."

"Kwa hiyo afadhali niende."

"Afadhali uende ukiwa wetu."

"Na watoto, mama?"

Mokami alichukua hindi jingine. Pingamizi lile lingeondolewa kwa kurudisha mahari, lakini kwa watu wa ng'ambo hilo lisingewezekana hata wangetaka. Baba yake Gati aliwauza wale ng'ombe zamani na akafa, na kaka yake Ezra anaishi kwa kuuza vitunguu. Gati hakuitaja mahari. Walipukuchua mpaka debe likajaa, Agustina akarudi shule akauliza mbona leo wamefanya kazi nyingi hivyo.

Gati alivuka Sirari tarehe ishirini na saba, siku moja kabla. Waitara ndiye aliyempeleka, na hakutaka nauli. Anaishi kwa Ezra, anauza vitunguu na yeye. Pasipoti imeandikwa asirudi mpaka apate kibali, na cha kumpatia kibali hajakipata.

Baraza lilikaa tarehe nne, likakubali pingamizi. Ryoba hakuhudhuria. Mwaka uliofuata Judith alizaa mtoto wa saba, binti.

Thadeo alihamishiwa mkoa mwingine. Fomu ya Gati ilibaki kwenye faili, imejazwa jina lake na mahali alipozaliwa, mstari wa mume uko wazi.

Agustina aliacha shule darasa la saba, kwa sababu mtu alihitajika wa kwenda kisimani. Mseti alimaliza kidato cha nne. Alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa uraia wa baba na wa mama, na hakuwa na cha kuonyesha. Anavunja kokoto Nyamwaga.

Mokami alifariki masika ya mwaka wa pili. Mseti alimzika kama mwana wa nyumba, kwenye nafasi ya mwana wa nyumba, na hakuna baba mdogo wala ndugu wa babu aliyesema neno. Shamba lipo. Gati alipigiwa simu, akafika mpakani, akarudishwa.

Ng'ombe kumi na wanne hawajarudishwa. Pale Nyanungu ukiuliza, watakwambia Gati ni mke wa Nchagwa.