Mioyo Mitatu ya Pweza

Mwalimu Osmund Komba hakuwahi kuiona bahari. Tuanze na hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alichukua miaka ishirini na miwili kulitamka.

Mwaka 1974 alitumwa Mtwara kwenye mafunzo ya walimu wa sayansi. Akapanda lori la mizigo hapa Songea, mama yake akimuaga kwa machozi kama mtu anayekwenda vitani. Lori likafika Nakapanya, kule Tunduru, mvua ikachukua daraja, na safari ikaishia hapo. Wiki tatu nzima walikaa wakila mihogo ya kuchoma. Utingo wa lori, kijana wa Mikindani aitwaye Swalehe, hakuwa na kazi ila kuzungumza, na mazungumzo yake yote yalikuwa ya baharini. Osmund akasikiliza, na mengine akayaandika kwenye daftari. Daraja lilipotengenezwa, mafunzo yalikuwa yamekwisha, naye akapanda gari la kurudi nyumbani.

Angesema hivyo alipofika, tusingekuwa na la kusimulia leo. Lakini alikuta mama yake amechinja kuku na majirani wamejaa uani, na swali la kwanza likawa, "Haya, bahari ikoje?" Mwanamume ana paja la kuku mkononi, watu thelathini wanamtazama mdomo. Akasema, "Kubwa." Huo haukuwa uongo. Uongo ulikuja na maswali yaliyofuata.

Tangu siku ile akawa mtu wa bahari. Sisi wa Songea samaki tunawajua, usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa tunawala kila siku, ila bahari kwetu ilikuwa habari ya kusikia tu. Na haki yake apewe, Osmund alifundisha vizuri. Alisema papa hana mfupa hata mmoja mwilini, mwili wote umejengwa kwa gegedu kama la sikio lako. Alisema nyangumi si samaki, ananyonyesha mtoto wake kama mbuzi. Alisema kasa huogelea miaka na miaka, kisha hurudi kutaga kwenye ufuko uleule alikoanguliwa. Watoto walikuwa wanasahau kupiga kengele ya mapumziko. Yote hayo yalikuwa kweli, maana Swalehe hakuwa mwongo. Mwongo alikuwa yule aliyeongeza "nilimwona kwa macho yangu".

Basi mwaka 1988 parokia iliandaa chemsha bongo kwa wasichana wa darasa la saba. Masista walikuwa wameahidi nafasi moja katika sekondari yao, bweni, ada na sare juu yao, kwa atakayeshinda. Shule za sekondari zilikuwa za kuhesabu siku zile, na mtoto wa fundi mwashi aliyekosa nafasi alikuwa amekosa moja kwa moja. Mwamuzi akawa Mwalimu Osmund. Nani mwingine?

Wakabaki wasichana wawili, Renatha wa Lizaboni na Theodosia wa Msamala. Swali la mwisho alilitunga Osmund mwenyewe: taja jambo moja la ajabu kuhusu kiumbe wa baharini. Renatha akasema papa hana mfupa. Makofi. Theodosia akasimama, mwembamba, miguu mitupu, akasema, "Pweza ana mioyo mitatu."

Osmund alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Swalehe alizungumza juu ya mikono minane ya pweza na wino anaoumwaga akitishwa, ila habari za mioyo hakuzitaja. Mwalimu mwingine angesema ngoja tuulize. Masista walikuwepo palepale, na vitabu vyao. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba kuna jambo la baharini asilolijua, na mtu wa bahari hangeweza kufanya hivyo mbele ya parokia nzima.

"Umelitoa wapi hilo?" akamuuliza.

"Lipo ukutani kwetu, Mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa. Baba yake, Mzee Aidani, alikuwa akijenga kwa masista, wakampa magazeti ya zamani ya Kizungu, naye akayabandika ndani kwa uji wa muhogo kuziba nyufa, kama wengi tulivyofanya. Theodosia alikuwa amelala miaka yote akitazama picha ya pweza aliyechorwa tumbo wazi, na sista mmoja alikuwa amemsomea maneno yaliyoandikwa chini yake. Kutoka uwanja wa parokia tulipokuwa mpaka kwenye ukuta ule ni mwendo wa dakika kumi.

"Nimekaa na pweza, nimemla pweza," Osmund akasema, akipandisha sauti ili wa nyuma wasikie. "Ana moyo mmoja kama mimi na wewe. Huyo wenu wa ukutani labda ana kichaa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Theodosia akasema, "Na tena, Mwalimu, damu..." Osmund akapiga kengele. Nafasi ikaenda kwa Renatha. Theodosia akarudi Msamala na jina jipya. Kuanzia siku hiyo mpaka anaolewa, mpaka anazaa, Songea nzima ilimwita Mioyo Mitatu.

Miaka minane ikapita. Nchi ikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikaletwa kwa marobota, na Majaliwa, aliyekuwa akiuza mafuta ya taa kwa kibaba, akawa na televisheni na deki ya video. Banda lake lilijaa kila jioni watu wa kutazama Wachina wakirushana mateke. Paroko hakupenda. Akamwomba Majaliwa avilete vyombo vyake ukumbini Jumapili moja baada ya misa ya pili, watazame kanda ya mafundisho iliyoachwa na mgeni fulani. Kanda ilihusu viumbe wa baharini, kwa Kiingereza. Wa kutafsiri akatafutwa, na hakutafutwa mbali.

Osmund alipewa kiti kando ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea. Kwa mara ya kwanza maishani akaiona bahari ikitembea. Roho ilimruka, lakini uso akaukaza, kama mtu aliyerudi kwao. Pomboo wakapita, akaeleza kwamba hulala nusu ya ubongo huku nusu nyingine ikikesha. Farasi wa baharini wakapita, akaeleza kwamba dume ndiye anayebeba mimba, na akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akatishia kutoka. Kazi ilikuwa tamu. Kisha akaja pweza.

Msemaji wa kanda alisema maneno mawili ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeyaelewa. Na kama hiyo haitoshi, kwenye kioo pakatokea mchoro, pweza mweupe, na ndani yake vitu vitatu vyekundu vikidunda. Viwili pembeni, kimoja katikati. Du, du, du.

Kwenye benchi la tatu alikaa Theodosia, mtoto mgongoni, kanga imekunjwa mapajani. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama kioo, na midomo yake ilikuwa imeachana kidogo.

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa, na alipewa bila kuiomba.

"Hivyo vyekundu," akasema Mwalimu Osmund, akigonga kioo kwa fimbo, "ni figo."

"Mioyo Mitatu, umesikia?" mtu akapayuka kutoka nyuma. "Figo!" Ukumbi ukalipuka. Theodosia akainama, akajifunga kanga, akasimama. Njia ya kutokea ilipita mbele ya kiti cha mwalimu. Alipofika pale akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu Osmund. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Theodosia alimwamkia kwa heshima mtu aliyemwibia mara mbili, na macho yake yalionyesha anajua kwamba mwalimu anaujua ukweli.

Jumatatu hakwenda kazini. Akaenda sokoni, kwenye meza anapouza Theodosia. Theodosia akampimia kopo la usipa, akaongeza nyongeza, kubwa kuliko kawaida. Osmund akaona aibu hata ya nyongeza.

"Theodosia, nataka kuuona ukuta."

"Ukuta gani, Mwalimu?"

"Wa kwenu. Wenye pweza."

Theodosia akaendelea kufunga karatasi polepole. "Umechelewa," akasema. Lakini akamwomba jirani aangalie meza, wakaongozana.

Nyumbani walimkuta mama yake, Bi Kasiana, anapukuchua mahindi uani. Hakusimama. Theodosia akamwingiza mwalimu ndani. Magazeti yalikuwa bado ukutani, ya kahawia, yameliwa na mende pembeni. Palikuwa na magari, palikuwa na mwanamke wa Kizungu ameshika sabuni. Juu ya kitanda, mahali ambapo mtu akilala ndipo macho yanapoangukia, palikuwa na udongo mtupu, mraba mkubwa kama sinia.

"Baba aliibandua picha siku ileile," Theodosia akasema. "Tulivyofika tu. Akaikwangua kwa panga mpaka ikaisha. Akasema karatasi haiwezi kumshinda mtu aliyeishi baharini. Akanipiga. Hakuwahi kunipiga kabla. Akasema nimemuaibisha kwa uongo, yeye anayekula jasho lake kwa masista." Akaugusa udongo kwa vidole. "Halafu hakubandika kitu tena hapo. Nilimwambia baba, mimi sijasema uongo. Amekufa mwaka juzi hajaniamini."

Osmund akataka kukaa, hakuona pa kukaa. Kwa miaka minane alikuwa amejipoza kwamba ilikuwa chemsha bongo tu, na watoto husahau. Sasa alikuwa anatazama udongo, na kwenye udongo alama za panga zilikuwa bado zinaonekana, moja moja. Alijisikia mchafu. Hakuna neno lingine la kulieleza hilo.

"Mtwara sikufika," akasema. "Niliishia Nakapanya."

Theodosia akamgeukia. "Kwa hiyo hata pweza hujamwona?"

"Nimemwona jana. Kama wewe."

Jumapili iliyofuata, baada ya komunyo, Osmund akasimama kusoma matangazo ya parokia kama alivyofanya siku zote. Akasoma ndoa, akasoma zamu ya kufagia kanisa. Kisha akakunja karatasi, akashika mimbari kwa mikono yote miwili.

Akasema yote: Nakapanya, Swalehe, daraja, kuku wa mama yake, kengele aliyoipiga, figo. Mwanzoni watu walicheka, wakidhani ni vichekesho vyake. Sauti ilimtetemeka, akarudia, na kicheko kikakatika benchi moja baada ya jingine. Renatha, ambaye sasa alikuwa muuguzi, alikuwa ameinamisha kichwa. Hata paroko alikuwa anaangalia viatu vyake. Wote mle ndani walikuwa wamecheka mwaka ule, na wote walikuwa wamecheka wiki iliyopita.

"Theodosia," akamaliza, "nimekukosea. Mama Kasiana, nimekukosea wewe na nyumba yako. Nisameheni."

Bi Kasiana akasimama kwenye benchi la akina mama. Mwanamke mfupi, sauti kavu.

"Mimi huniombi kitu, Mwalimu. Mimi nilimwamini mwanangu. Ambaye hakumwamini amelala huko nyuma ya kanisa. Kamwambie yeye."

Osmund alidhani ni maneno ya uchungu tu, ya kusemwa na kuachwa. Lakini mama yule hakukaa. Alibaki amesimama, anangoja, na kanisa lote likageuza shingo kumtazama mwalimu.

Akashuka. Akatembea katikati ya mabenchi akiwa na suti yake ya mtumba, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyuma yake akasikia mabenchi yakisukumwa, watu wakitoka, mamia ya viatu kwenye changarawe. Mtu mmoja akanong'ona, "Nakapanya," na mwingine akacheka kwa pua. Osmund akajua hilo ndilo litakuwa jina lake mpaka kufa, na akaona ni haki.

Kaburi la Aidani lilikuwa na msalaba wa mbao na majani yaliyofyekwa vizuri. Akasimama mbele yake. Hakujua mtu anamwamkiaje marehemu, basi akamwamkia kama aliye hai.

"Shikamoo, Mzee Aidani." Akainama. "Mimi Osmund. Nimekuja kusema kwamba pweza ana mioyo mitatu. Miwili inapeleka damu kwenye matamvua, anapopumulia. Mmoja unapeleka mwili mzima. Mwanao alisema kweli. Ukuta wako ulisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Upepo ukavuma kidogo, ukaacha. Osmund alikuwa analia, mzee mzima, mbele ya wanafunzi wake wote wa miaka ishirini, na hakuna aliyemwendea.

Ndipo Theodosia akapita katikati ya watu, mtoto mgongoni, akaja kusimama upande wa pili wa kaburi. Hakumtazama mwalimu.

"Na tena damu yake, baba," akasema, "ni ya buluu."