Mtu wa Kushoto

Ekambaram alirusha uzi mwekundu kutoka kulia, akachomoa miguu kwenye shimo la chini ya mtambo wa kufumia, akauzunguka huku magoti yakimlalamikia, akaketi kushoto, akaupenyeza uzi wa kijani wa pindo na kuukumbatisha na ule mwekundu. Kisha akainuka tena. Uzi mmoja, safari moja. Sari ya hariri ya mji wa Kanchipuram yenye pindo la rangi yake hufumwa na watu wawili, na kwa miaka thelathini na mmoja mtu wa kushoto alikuwa mkewe, Vedavalli. Alifariki sari ikiwa nusu. Nusu iliyobaki ilimla mumewe miezi minne.

Ilikuwa imesalia siku moja ushirika wa wafumaji umfute kwenye orodha kwa kutoleta kazi. Asiye kwenye orodha hapewi mtande mpya, zile nyuzi za urefu zinazotandwa kwanza mtamboni, na mtambo usio na mtande ni kuni tu.

Kesho yake Dhanasekar, meneja wa ushirika, aliitandaza sari mezani. Kidole chake kikateleza pindoni, kikasimama.

"Mzee, hadi hapa ni kama maji. Kuanzia hapa, hebu ona, limelegea kama wavu."

"Hapo ndipo alipofia."

"Pole, mzee wangu. Lakini bibi harusi havai msiba wa mtu. Ungetafuta mtu wa kushoto."

"Nimtoe wapi? Wote wamezolewa na basi la kiwanda cha simu. Na niliyekuwa naye, alipoumwa kifua niliwaletea kadi yake ya matibabu. Mkasema haina muhuri. Nenda ofisi kuu Chennai, rudi kesho, mkubwa yuko kikaoni. Leo ndiyo mnaniuliza mtu wa kushoto?"

"Mimi nilikuwa sijaajiriwa bado."

"Nyinyi hamjawahi kuajiriwa. Kila balaa likitokea, aliyekuwepo kahamishwa."

Karani, mama wa makamo aliyekuwa pembeni, alicheka, kisha akajikoholesha.

"Tukate hapa," meneja akasema. "Kipande kizuri nakipokea, kitashonwa blauzi. Kibovu ondoka nacho. Jina lako linabaki."

Njia nzima Ekambaram alikuwa akinoa matusi. Sasa aliutazama ule mstari, mwembamba kama unywele, uliogawa mkono wa mkewe na wake, matusi yakamkauka mdomoni. Safari zote zile za kuuzunguka mtambo, kumbe hakuwa akiimaliza sari. Alikuwa akiichelewesha, asiagane na mkewe.

"Lete makasi. Nitakata mwenyewe."

Akakata. Kipande cha Vedavalli kikabaki mezani. Chake akakikunja kwapani.

Karani akavuta fomu ya mtande mpya. "Jina la msaidizi, baba?"

"Sina."

"Hapa hapaachwi wazi. Mtande hautatoka."

Ekambaram akamtazama meneja. Meneja akatazama dirishani.

"Vedavalli," Ekambaram akasema.

Karani akaliandika taratibu, kwa herufi nzuri, halafu akamsogezea kidau cha wino. "Naye anatakiwa aweke dole," akanong'ona.

Ekambaram akachovya dole gumba la kushoto.