Mbwa wa Hewa

Mwaka ule wa ukame, miaka michache baada ya ugonjwa wa sotoka kufagia ng'ombe wa bonde la Tana, binti mdogo Darmi alitamani mtoto wa mbwa. Mbwa wa jirani yao Huka alikuwa amezaa, na amebaki mtoto mmoja tu, mwekundu, masikio yamelala.

"Utampata," alisema Hiribae, baba yake, "ukiweza kwanza kumtunza asiyekuwepo."

Akampa kigae cha chungu. Kikawekwa nje ya zizi la ndama, mbali na vibuyu vya maziwa, maana chombo cha mbwa na cha maziwa havikutani. Kila alfajiri Darmi akijaze maji ya mtoni. Akisahau hata mara moja, hana mbwa.

Bibi yake Qabale hakuacha kumchokoza. "We Darmi, mbwa wako wa hewa ameshiba? Mbona simsikii akibweka?"

"Amelala, bibi. Usimwamshe."

Mto ulikuwa umenywea, na njia ya mchangani imerefuka. Siku moja Darmi alijikwaa, maji yakamwagika, yakabaki ya kulowesha koo tu. Koo lake lilikuwa kavu. Hata hivyo aliyamimina yote kigaeni. Jioni alikikuta kikavu kama kawaida, akadhani ni jua.

Hatimaye Hiribae alisema, "Leo tukamchukue." Darmi akamimina maji, kisha akaketi nyuma ya ua wa miba kumngoja baba yake avae.

Ndipo alipowaona. Tetere walitangulia kufika kigaeni, wakafuata nguchiro na wanawe. Paa akaja, mbavu zote nje. Nyoka naye akajivuta hadi ukingoni, akanywa, na tetere hawakuruka. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Hiribae alifika, akasimama ghafla. Taratibu akavua viatu, kama mtu aliyefika mahali pa kusalia.

"Subhanallah," alinong'ona. "Mimi nilikuwa nakufundisha kazi tu, mwanangu. Sikujua kuna wanaokutegemea."

"Baba, mbwa akija atawafukuza?"

"Atawafukuza. Ndiyo kazi yake."

"Basi akae kwa Huka mpaka mvua inyeshe."

"Huka anahama leo na mifugo yake. Hamngoji mtu."

Machozi yalimtoka Darmi, asiyapanguse, asije akawashtua wanyama. Paa aliinua kichwa, akawatazama, akarudi kunywa.

"Huka aende naye," alisema mwishowe.

Kigae kilikuwa kimekauka, na nyuma ya paa walikuwepo wengine waliosimama wakingoja. Hiribae alikitwaa kibuyu cha maji mwenyewe.

"Twende, mama," alimwambia Darmi, nao wakashuka mtoni.